Kimbunga kinakuja na wewe uko likizo pwani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Msimu wa vimbunga wa Atlantiki huanza rasmi tarehe 1 Juni na kwisha tarehe 30 Novemba, na kilele chake ni karibu na tarehe 10 Septemba. Miezi hiyo bahari huwa na uvuguvugu. Uvuguvugu huohuo unaowavuta wageni ufukweni ndio unaokilisha kimbunga, kwa hiyo si ajabu vikakutana. Majibu haya yanahusu pwani za Marekani zinazotazama Atlantiki na Ghuba ya Meksiko, ingawa mengi yanafaa pia visiwa vya Karibi. Yameandikwa kwa watu wawili: mgeni aliyepanga nyumba kwa wiki moja, na mwenye nyumba anayeipangisha.

Wanasema kimbunga bado kiko umbali wa siku nne. Nianze kujiandaa, au nisubiri kijulikane kinaelekea wapi?

Anza, ila anza na yale ambayo hutayajutia kimbunga kikikata kona. Jaza tangi la gari. Toa pesa taslimu, kwa sababu umeme ukikatika mashine za kadi nazo zinalala. Chaji simu na pawabenki. Kisha jua uko wapi hasa. Hili la mwisho linaonekana la kitoto, lakini ndilo linalowakwamisha wageni wengi. Matangazo ya dharura hutolewa kwa jina la kaunti na kwa herufi ya kanda ya kuhama (eneo ambalo watu wake huamriwa kuondoka pamoja), wakati mgeni anajua jina la ufukwe na rangi ya nyumba tu. Redio ikitaja "Lee County, kanda A," hajui kama anaambiwa yeye. Tafuta jina la kaunti, herufi ya kanda na anwani kamili ya nyumba, uviandike kwenye karatasi na kuibandika mlangoni mwa friji. Ukipiga simu ya dharura usiku wa manane, anwani hiyo ndiyo kitu cha kwanza utakachoulizwa.

Kuhusu kusubiri: kimbunga si treni yenye ratiba. Upande wa Pasifiki wa Meksiko, asubuhi ya tarehe 24 Oktoba 2023, Otis ilikuwa bado dhoruba ya kawaida ya kitropiki. Usiku wa kuamkia tarehe 25 ikatua karibu na Acapulco ikiwa kimbunga cha kiwango cha 5, cha juu kabisa, na hoteli zilikuwa na wageni ndani. Siku nne ulizopewa leo zinaweza kesho kuwa moja na nusu.

Ile koni nyeupe kwenye ramani inaonyesha ukubwa wa kimbunga?

Hapana, na kuisoma hivyo kumeumiza watu. Koni inayochorwa na Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani (NHC), kilichoko Miami, inaonyesha mahali ambapo kitovu cha kimbunga kinaweza kupita. Haisemi lolote kuhusu upana wa upepo, mvua wala maji. Tena hata hicho kitovu hubaki ndani ya koni takriban mara mbili katika kila mara tatu. Mara ya tatu hutoka nje.

Kwa hiyo kuwa pembeni ya koni si salama, na kuwa nje yake si kibali cha kurudi ufukweni. Siku chache kabla ya kimbunga Ian kutua Florida, Septemba 2022, macho ya wengi yalikuwa Tampa. Kikatua Cayo Costa, zaidi ya kilomita 100 kusini mwa Tampa, na maji yakazifagia Fort Myers Beach na Sanibel, sehemu mbili zinazoishi kwa wageni. Mstari wa katikati ya koni ungefaa usichorwe kabisa, maana jicho la mtu huufuata mstari mwembamba na kuisahau koni pana.

NHC hutoa taarifa kamili kila baada ya saa 6, na kila baada ya saa 3 pwani ikishawekwa kwenye angalizo au tahadhari. Soma hizo, uache video za mtu anayepiga kelele mbele ya ramani.

Angalizo na tahadhari vinatofautianaje?

Angalizo la kimbunga maana yake hali ya kimbunga inawezekana eneo lako, na hutolewa saa 48 kabla. Tahadhari maana yake hali hiyo inatarajiwa, na hutolewa saa 36 kabla. Sasa angalia: saa hizo hazihesabiwi hadi jicho, yaani kitovu tulivu cha kimbunga, lifike. Zinahesabiwa hadi ufike upepo wa dhoruba wa kilomita 63 kwa saa, ule ambao ukishaanza huwezi tena kupanda ngazi kuziba dirisha wala kuendesha gari refu juu ya daraja. Kazi za nje ziwe zimeisha kabla ya hapo.

Ni kiwango cha 1 tu. Si tunaweza kukivumilia ndani na michezo ya karata?

Kiwango kinapima kitu kimoja tu: kasi ya upepo. Kiwango cha 1 huanzia kilomita 119 kwa saa, cha 5 huanzia 252. Mvua haimo katika hesabu hiyo. Bahari kupanda nchi kavu haimo. Na maji ndiyo yanayoua zaidi, siyo upepo.

Ike ilitua Galveston, Texas, mwaka 2008 ikiwa ya kiwango cha 2. Kwa namba hiyo ungedhani ni ya wastani. Lakini ilikuwa pana mno, na upepo mpana husukuma maji mengi kwa muda mrefu. Rasi ya Bolivar, jirani hapo, bahari ilipanda zaidi ya mita 4.5 na nyumba za likizo zikabaki nguzo. Florence ya mwaka 2018 ilifika North Carolina ikiwa ya kiwango cha 1, ikatembea polepole kama mzee anayetoka sokoni, na kwa sababu ya uvivu huo ikamwaga zaidi ya milimita 800 za mvua katika baadhi ya sehemu. Sandy ya 2012, ilipogusa New Jersey, kitaalamu haikuwa tena hata kimbunga.

Bahari ikisukumwa nchi kavu haiji kama wimbi moja la kutisha unaloliona kwa mbali. Inapanda tu, na mawimbi yanapiga juu yake. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Hakuna ukuta wa mbao uliojengwa kuzuia tani zinazokuja mfululizo. Sentimita 15 za maji yanayokwenda kasi zinatosha kumwangusha mtu mzima, sentimita 30 hubeba gari dogo, na 60 hubeba karibu gari lolote.

Kwa hiyo usiulize tu ni kiwango cha ngapi. Uliza maji yanatarajiwa kupanda mita ngapi hapa nilipo, na sakafu ya nyumba hii iko juu ya bahari mita ngapi. Majibu hayo mawili ndiyo ya kuamulia.

Kwa nini wageni wanafukuzwa kwanza na wenyeji wanabaki? Ni ubaguzi?

Ni hesabu ya barabara. Outer Banks ya North Carolina ni visiwa vyembamba vya mchanga, na kisiwa cha Hatteras kinategemea barabara moja, NC 12, ambayo bahari huikata hata kwa dhoruba ndogo. Florida Keys nako visiwa vimetungwa kwenye barabara moja kama shanga kwenye uzi, kilomita 180 hivi hadi Key West. Wiki ya likizo, watu walioko huko ni wengi kuliko barabara inavyoweza kuwatoa kwa siku moja. Lazima kundi moja litangulie, na kundi ambalo halina nyumba ya kuziba wala boti ya kufunga ni lile la wageni.

Amri ya wageni ikitoka, usibishane nayo. Huna mbao, hujui mtaa upi hujaa maji kwanza, na jirani hakujui hata kwa sura ili akuulizie baadaye. Mwenyeji akibaki anafanya kosa. Mgeni akibaki anafanya kosa hilohilo akiwa amefumba macho.

Niende mbali kiasi gani?

Mbali na maji. Si lazima jimbo jingine. Mara nyingi kilomita 50 au 100 kuingia bara, kwenye jengo imara lililo nje ya kanda za kuhama, zinatosha. Kukimbia mbali kuliko inavyohitajika kuna hatari yake: mwaka 2005, Rita ilipokuwa inakuja Texas, takriban watu milioni mbili na nusu waliingia barabarani karibu wakati mmoja. Foleni ikasimama kwa saa nyingi, wengine zaidi ya 20, katika joto kali na bila mafuta. Walikufa watu wengi katika kuhama kuliko mikononi mwa kimbunga chenyewe.

Funzo la Rita si kwamba kuhama ni vibaya. Ni kwamba toka mapema, toka alfajiri, na aliye nje ya kanda ya kuhama asiende kuziba njia ya aliye ndani. Piga simu hoteli ya bara leo, kabla amri haijatoka. Saa moja baada ya amri, vyumba vimekwisha.

Niko hoteli ya zege, ghorofa ya 20. Huku maji hayafiki.

Maji hayafiki, upepo unafika. Upepo huongezeka kadiri unavyopanda. Juu ya jengo la ghorofa 30 unaweza kuwa mkali kwa kiwango kizima zaidi ya ule wa chini. Na baada ya kimbunga lifti hazifanyi kazi, pampu hazipandishi maji, na ngazi za ghorofa 20 unazishuka na mtoto mgongoni gizani. Hoteli ikikwambia uondoke, ondoka. Ikishindikana kabisa, omba chumba cha ghorofa za kati, juu ya kina cha maji lakini si karibu na paa, na usiku ukae kwenye korido isiyo na vioo.

Nina nyumba ninayoipangisha. Nifanye nini kabla sijafunga na kuondoka?

Kwanza ondoa kila kitu kilicho nje. Viti vya ufukweni, meza ya kioo, jiko la kuchomea nyama, chungu cha maua, baiskeli za wageni, pipa la taka. Ukiacha kiti uwanjani, hujaacha kiti, umemwachia jirani jiwe la kuvunjia dirisha lake. Mitungi ya gesi ifungwe na isiingizwe ndani ya nyumba.

Madirisha yazibwe kwa vifuniko vya chuma vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo au plaiwudi ya milimita 16, iliyokatwa mapema na kuandikwa namba ya kila dirisha. Ifungwe kwa skrubu zinazoingia kwenye fremu ya ukuta. Misumari hung'oka. Kukata plaiwudi siku ya tahadhari, duka limebaki tupu na mikono inatetemeka, ni adhabu. Ikatwe mwezi wa Mei na ikae stoo.

Mlango wa gereji husahaulika, nao mara nyingi ndio wa kwanza kushindwa. Ukipinda, upepo unaingia na kulisukuma paa kutokea ndani. Mlango wa zamani uongezewe vyuma vya kuukaza.

Bwawa la kuogelea usilimalize maji. Bwawa tupu linaweza kunyanyuliwa na maji ya ardhini yakijaa chini yake. Zima umeme wa pampu tu. Ndani, zima swichi kuu kama unaondoka na unategemea maji kuingia, inua vitu vya thamani, halafu piga picha za kila chumba, kila kabati lililofunguliwa na paa kwa nje. Picha hizo ndizo utakazobishana nazo na kampuni ya bima.

La mwisho, kama hujazima swichi kuu, ni la bei nafuu kuliko yote: gandisha kikombe cha maji kwenye friza, weka sarafu juu ya barafu, uondoke. Ukirudi ukaikuta sarafu imezama chini, barafu iliyeyuka na kuganda tena. Kila kilichomo kitupwe hata kama kinaonekana kizima. Friza iliyojaa na kufungwa hutunza ubaridi kwa saa 48 hivi, friji kwa saa 4 tu.

Nibandike tepu kwenye vioo kwa alama ya X?

Usipoteze muda. Tepu haizuii kioo kuvunjika. Inaweza tu kukifanya kivunjike vipande vikubwa zaidi.

Na kufungua dirisha la upande wa pili ili presha itoke?

Hapana. Ni hadithi ya zamani isiyokufa. Funga kila kitu, pamoja na milango ya vyumba vya ndani.

Begi la mgeni liwe na nini?

Dawa za kutosha za siku kadhaa, miwani, pasipoti na karatasi za bima ndani ya mfuko usiopitisha maji, viatu vilivyofungwa vidole (ndala za ufukweni hazifai mahali palipojaa vioo na misumari), tochi, redio ya betri, maji na chakula kisichohitaji kupikwa. Maji ni lita 4 kwa kila mtu kwa siku, kwa siku tatu angalau. Kama una mnyama, uliza mapema kituo cha hifadhi unachokwenda kinampokea, vingine havimpokei. Pakua ramani kwenye simu, kwani intaneti ni ya kwanza kukatika.

Jua linawaka na kimbunga kiko mbali. Tunaweza kuogelea?

Hapana, na hili ndilo swali ninaloona linadharauliwa kuliko yote. Mawimbi ya kimbunga husafiri mbele yake mamia ya kilomita na kufika ufukweni siku kadhaa kabla, mbingu ikiwa safi. Yanazaa mikondo inayovuta watu kuelekea bahari kuu. Agosti 2009 kimbunga Bill hakikugusa hata Maine, kilipita mbali baharini. Watazamaji waliosimama kwenye miamba ya mbuga ya Acadia wakafagiliwa na wimbi, na mtoto mmoja akafa. Walikuwa wamekuja kuangalia tu. Ukikuta mkondo unakuvuta, usishindane nao kurudi moja kwa moja. Ogelea sambamba na ufukwe hadi utoke, kisha ndipo urudi.

Pesa zangu nitarudishiwa?

Inategemea karatasi uliyosaini, kwa hiyo isome leo. Bima ya safari inayonunuliwa baada ya dhoruba kupewa jina kwa kawaida haifidii dhoruba hiyo, kwa kuwa ni jambo lililokwisha kujulikana. Sheria ya nyumba za likizo ya North Carolina inasema amri ya lazima ya kuhama ikitoka mpangaji aondoke, na arudishiwe kodi ya siku alizokosa. Lakini kama alipewa nafasi ya kununua bima ya jambo hilo, akainunua au akaikataa, mwenye nyumba hadaiwi. Wengi huweka alama ya "sitaki bima" bila kusoma, na haki yao inaondokea hapo.

Kwa mwenye nyumba: bima ya kawaida ya nyumba haifidii mafuriko. Ya mafuriko, chini ya mpango wa serikali ya Marekani, kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kununuliwa. Kimbunga hakikupi siku 30.

Nimechelewa, daraja limefungwa. Sasa?

Mwambie mtu aliye nje ya eneo hilo uko wapi hasa na mko wangapi. Tuma ujumbe mfupi, kwani unapita hata mtandao unapokataa simu. Jazeni beseni la kuogea maji ya kuflashi choo. Upepo ukianza, ingieni chumba cha katikati kisicho na dirisha, cha ghorofa ya chini kabisa ambayo maji hayataifikia. Maji yakiingia, pandeni. Lakini msijifungie darini pasipo na njia ya kutokea juu. Watu walikufa hivyo New Orleans mwaka 2005.

Upepo ukikoma ghafla na nyota zikaonekana, hilo ni jicho. Kaeni ndani. Upande wa pili unakuja, na upepo utapiga kutoka mwelekeo ulio kinyume, kwenye miti iliyokwisha kulegea.

Gari langu la umeme lilizama kwenye maji ya chumvi. Limekauka na linawaka. Nilitumie?

Usilitumie, usilichaji, na usiliache ndani ya gereji. Baada ya Ian, magari kama hayo yalishika moto siku na wiki kadhaa baadaye, kwa sababu chumvi inayobaki ndani ya betri hupitisha umeme. Liwekwe wazi, mita 15 hivi kutoka kwenye nyumba, hadi fundi wa betri alikague.

Tutaruhusiwa kurudi lini?

Mgeni hurudi wa mwisho. Kaunti nyingi za pwani huanza na wafanyakazi wa dharura na umeme, kisha wakazi na wenye nyumba kwa kibali, kisha wageni. Mwenye nyumba achukue kibali chake msimu haujaanza, maana mlinzi wa kizuizi cha barabarani hatazami picha ya nyumba kwenye simu yako.

Ukifika, hatari haijaisha. Waya uliolala chini uuhesabu kuwa una umeme. Katika maji ya mafuriko usitembee. Yamechanganyika na ya vyoo. Na jenereta, tafadhali, iwe nje, mita 6 au zaidi kutoka kwenye nyumba, moshi ukielekea mbali na madirisha. Si kwenye baraza, si gereji yenye mlango wazi. Laura ilipopiga Louisiana mwaka 2020, kaboni monoksidi ya jenereta iliua watu wengi kuliko bahari iliyopanda. Gesi hiyo haina harufu wala rangi.